Cirimwami Aliandikwa kwa Herufi Gani

Nsimire alipoanza kazi ya kutoboa kadi, mwezi wa tatu mwaka 1966, alikuwa na daftari moja la shule alilolitumia pande zote mbili. Kuanzia mbele aliandika namna ya kutumia mashine. Kuanzia nyuma aliandika tarehe alizokwenda parokiani kuuliza habari za mume wake, na kila tarehe ilifuatwa na neno moja tu: hayupo.

Mume wake aliitwa Cirimwami, seremala, Mshi kwa kabila, kutoka Walungu kama yeye. Walikuwa na miezi minane ya ndoa pale Uvira waasi walipoingia mjini, Mei 1964. Asubuhi ile Cirimwami alikuwa ameondoka na milango miwili aliyomtengenezea mteja upande wa Kiliba. Mchana watu walikuwa barabarani wakikimbilia mpakani, na Nsimire akaenda nao kwa miguu, kitenge kimoja kiunoni na kingine kichwani kimefunga nguo na cheti cha ndoa. Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Alijua mume wake angevuka nyuma yake, kesho au keshokutwa, na kwamba mji wa Bujumbura si mkubwa kiasi cha mtu kumkosa mke wake.

Alipata chumba Bwiza, mtaa wa mji ule, kwa mama mmoja wa Bukavu, na tangu hapo hakumwona Cirimwami. Wapo waliomwambia aliuawa. Wapo waliomwambia walimwona. Nsimire aliwasikiliza wote kwa adabu na hakumwamini hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kumweleza lile kovu la patasi lilikuwa kwenye kidole gani.

Parokia ilikuwa na fishi za wakimbizi. Kila aliyevuka kutoka Kongo alikwenda kuandikwa kwenye karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja: jina, kwao, kazi, anapokaa, na mtu anayemtafuta. Fishi hizo zilijaa katika masanduku kumi na moja yaliyokuwa ya sabuni, nazo zilitunzwa na Maseri Geneviève, mtawa Mbelgiji mrefu mwenye miwani mizito. Alikuwa mtu mwema, na heri niliseme sasa hivi, maana mbele huko msomaji anaweza kumkasirikia. Kila Nsimire alipokuja, Maseri alivuta sanduku la C mbele yake, akapekua fishi moja moja bila haraka, kisha akalisukuma nyuma.

"Hayupo, mwanangu," alisema. "Rudi mwezi ujao."

Nsimire alirudi mwezi uliofuata, na ule uliofuata.

Kazi ya kadi aliipata kwa sababu alisoma kwa masista na aliweza kupiga taipureta bila kutazama vidole. Biro ile, ofisi ya kutoboa kadi, ilikuwa mjini, karibu na posta, na ilitengeneza orodha kwa ajili ya idara nyingi: kahawa, pamba, chanjo za watoto, mitihani ya shule. Wanawake sita walitoboa kadi, tundu moja kwa kila tarakimu, na mwanamume mmoja aliitawala mashine ya kupanga, ambayo ilimeza kadi upande mmoja na kuzitema kwenye visanduku kulingana na tundu lililotobolewa. Mwanamume huyo aliitwa Zénon. Alifundishwa kazi Léopoldville zamani za Wabelgiji, alipiga pasi mpaka leso zake, na aliona kuulizwa jambo mara mbili ni kama kutukanwa.

Siku moja Zénon alichukua daftari la Nsimire mezani bila kuomba ruhusa. Alikuta kurasa tatu zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kitawa: Njia ya Kahawa, Njia ya Pamba, Njia ya Chanjo. Kila njia ilikuwa na hatua kumi na moja.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni njia za kazi, Shefu. Hii ya kahawa, hii ya pamba, hii ya chanjo."

"Umeandika kitu kimoja mara tatu."

"Apana, Shefu. Mufuko wa kahawa na mutoto wa chanjo habako sawa."

"Kwako habako sawa. Kwa mashine, yote ni tundu." Alirarua kurasa mbili, akaacha moja, na kwenye hiyo moja akakata neno Kahawa kwa kalamu nyekundu. "We unaambia mashine vitu bibili tu. Itazame safu gani ya kadi. Na kati ya kadi mbili, ni ipi inatangulia. Basi. Mengine yote yanasafiri na kadi, hayakuhusu. Kesho wakileta ng'ombe, utapanga ng'ombe."

Nsimire alikasirika kwa ajili ya kurasa zake, na usiache kumwelewa, maana alikuwa amezihariri mara nne. Hata hivyo hasira ilikuwa ndogo kuliko mshangao. Alikuwa amejitayarisha kujifunza njia mpya kila idara ikileta kazi mpya, mpaka azeeke, na sasa anaambiwa njia ni moja.

Kuambiwa ni kitu kimoja. Wiki ile ile aliachiwa kadi elfu mbili za kahawa azipange kwa nambari ya kijiji, nambari yenye tarakimu tatu. Alianza na tarakimu ya kwanza kushoto, kwa kuwa mtu husoma kuanzia kushoto, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alipomaliza, vijiji vilikuwa vimevurugika vyote. Zénon hakupiga kelele. Alimkalisha mezani na kadi kumi na mbili tu, akamwambia apange kwa mkono.

"Anza na ya mwisho."

"Ya mwisho, Shefu?"

"Ya mwisho."

Akapanga kwa tarakimu ya mwisho, akakusanya mafungu kwa mfuatano. Akapanga kwa ya katikati, akakusanya. Akapanga kwa ile ya kwanza, akakusanya, na kadi zikawa zimekaa sawa zote kumi na mbili bila yeye kuzitazama mara ya pili. Alizivuruga akarudia. Alirudia mara tano, mpaka alipoona kwamba kila mkusanyo ulikuwa unahifadhi mpango wa mkusanyo uliotangulia, na ndiyo maana kitu kikubwa lazima kije mwisho. Alicheka peke yake. Kwa miaka miwili hakuwa amefurahishwa na kitu chochote kiasi kile, na alipogundua hivyo akaona aibu.

"Na jambo lingine," Zénon alisema akiwa amegeuka tayari kwenda. "Unasoma kadi. Nimekuona. Usisome. Tazama safu yako tu, mukono uende. Mwenye kusoma kadi hamalizi."

Nsimire aliliandika hilo pia.

Kichwani mwake wazo lilikuwa limekwisha kuzaliwa. Kama mashine haijui kahawa, basi haijui wakimbizi pia, na njia inayopanga vijiji itapanga watu. Aliyajua masanduku ya Maseri. Waandishi walikuwa wamebadilika mara nyingi katika miaka ile, mmoja akaweka fishi kwa jina la ubatizo, mwingine kwa jina la kwao, mwingine kwa siku ambayo mtu aliandikishwa. Yawezekana Cirimwami alikuwemo, amekaa mahali si pake. Alisita karibu mwaka, kisha mwezi wa tano 1967 akaenda kumwomba Maseri ruhusa, na Maseri akampa funguo siku hiyo hiyo.

Alimchukua mwenzake wa kazini, Kudra, Mwislamu wa Buyenzi ambaye babu zake walikuwa mjini kabla ya mji wenyewe, mwanamke mcheshi asiyeweza kukaa kimya dakika mbili. Fishi zilikuwa zaidi ya elfu nne. Hakukuwa na mashine, kwa hiyo walipanga kwa mkono kwenye meza za katekisimu, Jumamosi alasiri, kwa herufi za jina la kwao, wakianza na herufi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Nsimire alitii sheria ya Zénon. Hakusoma. Alitazama herufi, akaweka alama ndogo ya kalamu ya risasi pembeni kuonyesha fishi imepita mikononi mwake, mkono ukaenda. Ilichukua Jumamosi saba, mpaka mwisho wa Juni 1967.

Sanduku la C ndilo aliloacha la mwisho kulifungua. Cibalonza, Cibalonza, Cirhuza, Cishugi. Fishi zilikuwa zimenyooka, kila moja mahali pake, na Cirimwami hakuwemo.

Zamani, masanduku yakiwa ovyo, alikuwa na pa kukimbilia: labda imepotea humo. Sasa mpango ulikuwa kamili na mpango ulimwambia hayupo. Alilia kwa sauti mbele ya Kudra, na Kudra akalisukuma sanduku kando, akakaa naye mpaka alipomaliza.

Maseri aliomba orodha ya majina yote iandikwe upya kwenye kitabu, na Nsimire hakuwa na moyo wa kukataa. Kudra alisoma, Nsimire akaandika. Wakafika M.

"Mulula, wa Kabare, muzee," Kudra alisoma.

"Tumeisha kumuandika. Iko hapa juu."

"Apana, hii fishi ni ingine. Ile ya kwanza iko na l ndani, hii iko na rh."

"Lakini umesema Mulula mara mbili."

"Sasa nisemeje? Si Mulula na Mulula?"

Nsimire alimnyang'anya fishi zote mbili. Moja ilikuwa Murhula, ya Desemba 1964, na anwani ya kambi iliyokwisha kufungwa. Nyingine ilikuwa Mulula, ya mwaka mmoja baadaye, na anwani ya Buterere. Zote mbili ni za mzee wa Kabare, mfuma vikapu, mjane. Ulimi wa Kudra haukutofautisha r na l, kama ndimi nyingi za mji ule, na ndivyo ulivyokuwa ulimi au sikio la mwandishi wa pili. Binti wa mzee huyo alikuwa amekuja kuuliza mara tatu, na kila mara alipewa anwani ya kambi isiyokuwepo. Jumatano iliyofuata alimkuta baba yake Buterere, mlangoni kwake, na kikapu mapajani.

Nsimire hakwenda kutazama. Alikwenda kwa Zénon.

"Shefu, kama jina moja limeandikwa namna mbili, mashine inajua ni moja?"

Zénon aliweka kalamu chini. Kwa desturi yake angelijibu bila kuinua kichwa.

"Mashine haijui jina. Nilikuambia. Inajua safu." Akavuta kiti. "Kupanga ni swali moja: ya mbele ni ipi kati ya hizi mbili, ao ziko sawa. Mwenye kujibu si mashine, ni we. We ndiye unasema sawa ni nini. Ukibadilisha jibu, njia inabaki ile ile. Umepanga kwa macho, Mama. Watu wako waliandikwa kwa masikio."

Basi wakapanga kwa masikio. Nsimire na Kudra walikaa mbele ya karatasi moja siku tatu, wakitamka majina na kubishana. Mwandishi wa Kibelgiji akisikia Ci huandika Tshi. Aliyesoma Tanganyika huandika Chi. Anayelisoma kwenye cheti kwa Kifaransa hulitamka Si, na anayemsikia huandika Si. Basi C, Ch, Tsh, Sh na S zote zikapewa nambari moja, 1. R, L na rh zikapewa 4. M ikapewa 7. Ile n ya mwanzo ambayo Mfaransa haisikii kabisa, kama kwenye jina la Nsimire mwenyewe, ikaachwa bila nambari. Kila jina likawa tarakimu tatu za konsonanti zake tatu za kwanza. Wanawake wanane wa Legio, chama cha Bikira Maria pale parokiani, walinakili karatasi ile na kwenda na masanduku majumbani, wakaandika tarakimu kwenye kona ya kila fishi. Hawakujua nani anamtafuta nani. Walijua nambari tu.

Mwezi wa kumi masanduku yalirudi. Nsimire na Kudra wakapanga tena, tarakimu ya mwisho, ya katikati, ya kwanza, kwa njia ile ile ya kahawa. Cirimwami alikuwa 147. Katika fungu la 147 kulikuwa na fishi kumi na moja, na safari hii Nsimire alizisoma.

Ya sita ilisema: SIRIMWAMI. Seremala. Walungu. Anamtafuta mke wake, SIMIRE.

Chini ya hapo palikuwa na tarehe kwa wino tofauti. Novemba 1964, hakupata. Aprili 1965, hakupata. Septemba 1966, hakupata. Kisha Februari 1967, kwa mwandiko wa Maseri mwenyewe: Mke hajulikani alipo, anadhaniwa amekufa. Anaomba barua ya kufunga ndoa. Barua imetolewa. Anakaa Kamenge.

Kwenye pembe ya fishi palikuwa na alama ndogo ya kalamu ya risasi. Aliitambua. Ilikuwa ya mkono wake, ya mwezi wa sita, alipoishika fishi hii, akatazama herufi zake, S na I na R, akaiweka kwenye fungu bila kuisoma. Aliitazama alama ile muda mrefu kuliko alivyotazama maneno.

Maseri alipoonyeshwa alivua miwani. Mume alipokuja, alimtafutia mke kwa S, na mke alikuwa kwa N. Mke alipokuja, alimtafutia mume kwa C, na mume alikuwa kwa S. "Nilikuwa naandika ninavyosikia," alisema, akarudia tena. Nsimire alitaka kumchukia. Ingelikuwa nafuu. Lakini yeye mwenyewe aliishika fishi ile.

Jumapili baada ya misa alikwenda Kamenge kwa miguu. Nyumba haikuwa ya kutafuta, kwa kuwa mbao zilisimama ukutani na randa ilisikika toka barabarani. Mwanamke mjamzito alitoka na kiti.

"Karibu, dada. Unatafuta kitanda ao mulango? Miye Namegabe, mwenyewe iko nyuma."

Cirimwami alizunguka nyumba na ubao begani. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliuweka ubao chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Nsimire."

"Nilikuwa Bwiza," Nsimire alisema. "Siku zote."

"Nilikuja kuuliza. Miye nilikuwa napalilia pamba kule bondeni, nikapata ruhusa, nikaja. Mara tatu. Walifungua sanduku mbele yangu."

"Walifungua la S. Miye niko kwa N."

"Walisema umekufa."

"Walikuambia sipo. Na miye waliniambia haupo."

Namegabe alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa, akakaa kwenye kile kiti huku ameshika tumbo. Nsimire aliona kwamba alikuwa msichana tu, pengine wa miaka kumi na tisa, na kwamba hofu iliyomjaa machoni ilikuwa ni ya kufukuzwa. Cheti cha ndoa kilikuwa ndani ya mkoba wa Nsimire. Alikuwa amekibeba kutoka Bwiza kama alivyokibeba kutoka Uvira, na njiani alikuwa amejua vizuri sana atakifanyia nini.

"Tutafanya nini sasa?" Cirimwami aliuliza. "Niambie, nitafanya."

Na Nsimire aliona kwamba angefanya kweli. Angemtoa yule msichana, angerudi Bwiza na randa yake, na asingelalamika hata siku moja. Ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakupotea, na hakumsahau, na bado alikuwa mtu yule yule.

"Mutoto atazaliwa mwezi gani?" alimwuliza Namegabe.

"Wa kumi na mbili, dada."

Nsimire alimgeukia Cirimwami.

"Siku ya kumuandikisha, usimuache mutu aandike kwa kusikia. Usikae kwenye benchi na wengine. Simama pale kwenye meza, umutajie jina herufi moja moja, na utazame anaandika. Akikosea, afute."

"Nitafanya."

"Unaapa?"

"Naapa."

Alirudi Bwiza kabla ya jua kuzama. Kudra alimngoja mlangoni, na alilia badala yake, kwa kuwa Nsimire alikuwa hana tena machozi, alikuwa amechoka miguu tu.

Jumamosi alikuwa parokiani kama kawaida. Mbele yake zilibaki fishi za mafungu mia mbili na zaidi za kulinganishwa, na wengi katika hizo walikuwa hai mahali fulani chini ya herufi nyingine. Maseri Geneviève alileta fishi mbili, ya Nsimire na ya Cirimwami, amezibana kwa pini, na akazishika mkononi bila kujua la kufanya.

"Hizi tuandike nini, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Au tuziondoe?"

"Hatuondoi fishi, Maseri."

Nsimire alizichukua, akaandika kwenye zote mbili kwa wino: Amepatikana, Oktoba 1967. Mwisho wa mwaka, orodha ilipohesabiwa, waliopatikana walikuwa mia moja na kumi na wawili, na katika hesabu hiyo Nsimire alijihesabu.